Dakika nane za Norwich hazijafika Mbamba Bay

Shabiki wa soka akisikia jina Norwich, anawaza jezi za njano na kijani na timu inayopanda Ligi Kuu England leo, kesho inashuka. Lakini mji huo una habari nyingine inayowahusu makocha wote, kuanzia Msimbazi na Jangwani hadi viwanja vya vumbi vya Mbinga.

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia kilichopo mjini humo walitangaza majaribio ya kipimo cha MRI ya moyo kinachokwenda kasi. Ile sehemu ya kipimo inayoonyesha damu inavyopita kwenye valvu za moyo huchukua dakika 20 au zaidi. Wao waliimaliza kwa takriban dakika nane, na wagonjwa waliohusika walikuwa 50.

Ni habari njema. Ila kwa mtu wa Ruvuma kuna swali moja: saa inaanza kuhesabiwa wapi?

Kwa kijana anayecheza kwenye mchanga wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, saa haianzi pale anapolazwa kwenye mashine. Inaanza siku anapoishiwa pumzi mazoezini, anashika kifua, na benchi linamwambia akanywe maji, arudi. Kuanzia siku hiyo hadi daktari wa moyo amwone, hakuna anayepima kasi. Hapo ndipo mechi inapopotea.

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Ni sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili, na kwa moyo haina mpinzani, kwa sababu inaonyesha hadi nyama yenyewe ya moyo: imenenepa wapi, ina kovu wapi. Tatizo ni kwamba moyo hautulii. Mgonjwa anaambiwa abane pumzi, aachie, abane tena, huku mashine ikikusanya picha pigo kwa pigo. Kipimo kamili kinaweza kufika saa nzima. Saa nzima kwa mtu mmoja maana yake ni foleni, na foleni maana yake ni gharama.

Ndiyo maana kasi ina maana. Madaktari wa London na wenzao wa Peru walijaribu jambo hilo jijini Lima, na matokeo yakatoka mwaka 2018. Walipunguza vipimo visivyo vya lazima, wakabaki na vile vinavyojibu swali la daktari. Wagonjwa karibu 100 walipimwa, kila mmoja kwa wastani wa dakika 18. Zaidi ya nusu yao, majibu yalibadilisha namna walivyotibiwa. Peru si Uingereza. Ni nchi yenye milima, vijiji vya mbali na hospitali kubwa zilizorundikana mji mkuu. Mtu wa Mbinga anaifahamu hadithi hiyo bila kutafsiriwa.

Sasa soka linaingia wapi?

Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja wa Gerland, Lyon, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Alikuwa na miaka 28. Hakuna aliyemgusa. Uchunguzi ulionyesha nyama ya moyo wake ilikuwa imenenepa kwa ugonjwa wa kurithi. Alikuwa amecheza Ufaransa na England, kwenye klabu zenye madaktari, na bado ugonjwa ule ulikaa naye hadi siku ya mwisho.

Ugonjwa wa Foé una ujanja wake. Moyo wa mwanasoka anayefanya mazoezi makali nao hunenepa, na huo si ugonjwa, ni matunda ya kazi. Daktari akiangalia ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, anaweza asijue ni upi kati ya hiyo miwili. Kwa mchezaji mweusi kazi ni ngumu zaidi. Tafiti zimeonyesha kwamba wanamichezo wenye asili ya Afrika, wakiwa wazima kabisa, mara nyingi zaidi hutoa michoro ya ECG inayofanana na ya mgonjwa.

Kwa hiyo kuna makosa mawili, na yote yanauma. La kwanza ni kumwacha mgonjwa acheze hadi aanguke. La pili ni kumvua jezi kijana mzima kwa sababu mchoro ulimtisha mtu. Kwa mtoto wa mvuvi wa Liuli au wa mkulima wa kahawa wa Mbinga, soka huenda ndiyo tiketi pekee ya kuonekana Songea, kisha Dar es Salaam. Kuichana tiketi hiyo kwa kubahatisha ni dhuluma. MRI ndiyo VAR ya kesi hizi. Haiitwi kila dakika, ila ikiitwa inasaidia kumaliza ubishi.

Wapo wanaosema vijana wasipimwe maana wakipimwa wataogopa, au watafichwa na viongozi. Hao waulizwe habari za Nwankwo Kanu. Mwaka 1996 alitoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki na Nigeria, akajiunga na Inter Milan, na vipimo vya klabu vikagundua valvu ya moyo wake ni mbovu. Alifanyiwa upasuaji Marekani mwaka huohuo. Wengi walimzika kisoka. Akarudi uwanjani mwaka uliofuata, akaenda Arsenal, akawemo kwenye kikosi kilichomaliza msimu wa 2003/04 wa ligi bila kufungwa, na mwaka 2008 akaifungia Portsmouth bao pekee la fainali ya Kombe la FA. Mwaka 2000 alianzisha taasisi ya kusaidia watoto wenye matatizo ya moyo. Kipimo hakikumaliza maisha yake ya soka. Kiliyaokoa.

Na valvu mbovu si jambo la Wanigeria peke yao. Tanzania bado kuna watoto wanaoharibikiwa valvu kutokana na homa inayoanza na maumivu ya koo tu. Mtoto anaumwa mafindofindo, hatibiwi, yanarudi tena na tena, na miaka baadaye anaonekana “hana pumzi” kwenye timu ya shule. Kocha anamuita mvivu. Kumbe anakimbia na mlango wa moyo usiofunga vizuri. Hapo dawa ya bei nafuu ya zahanati, ikitolewa mapema, inamzidi daktari bingwa wa baadaye.

Hata hivyo, asidanganywe mtu kwamba kupima ni kinga kamili. Chama cha Soka England kiliwapima vijana 11,168 kati ya 1996 na 2016, kwa maswali, ECG na kipimo cha eko. Walibainika 42 wenye magonjwa yanayoweza kuua ghafla. Wanane walikuja kufa ghafla kwa matatizo ya moyo, na sita kati ya hao nane walikuwa wameonekana wazima siku walipopimwa. Somo lake ni la pande mbili. Wale 42 walipata nafasi ambayo Foé hakuipata. Wale sita wanakumbusha kwamba baada ya kupima, bado uwanja unahitaji watu wanaojua la kufanya.

Christian Eriksen yuko hai kwa sababu hiyo. Juni 12, 2021, moyo wake ulisimama Copenhagen mbele ya dunia nzima. Alikandamizwa kifua palepale na kushtuliwa kwa mashine ndani ya dakika chache. Miezi minane baadaye alikuwa anaichezea Brentford, akiwa na kifaa kifuani kinacholinda mapigo yake. Dakika zilizomwokoa zilikuwa za majani, zile za vipimo zilikuja baadaye hospitalini.

Tanzania nayo ina kumbukumbu yake. Desemba 2016, Ismail Khalfan, kinda wa Mbao FC, alianguka kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, katika mechi ya ligi ya vijana dhidi ya Mwadui, na hakuamka tena. Kila msiba wa namna hii unapotokea zinatolewa rambirambi, inakaa dakika moja ya kimya, kisha filimbi inapulizwa na maisha yanaendelea. Kinachotakiwa ni kitu kinachobaki baada ya ile dakika moja.

Ruvuma inaweza kuanza bila kusubiri sumaku ya mabilioni.

Kwanza, maswali. Je, kijana amewahi kuzimia akikimbia? Anaumwa kifua mazoezini? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Ni maswali matatu yanayoingia kwenye karatasi moja ya usajili, na hayana gharama zaidi ya kalamu. Hayo yaulizwe kabla ya UMITASHUMTA, UMISSETA na ligi za wilaya za Mbinga na Nyasa.

Pili, ECG. Ni kifaa kinachobebeka kwenye begi, na kipimo chake ni cha dakika chache. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, wamekuwa wakisafiri mikoani kupima wananchi. Chama cha soka cha mkoa kikikaa nao mezani, ziara moja ikapangwa wakati timu za vijana ziko kambini, watoto wengi watapimwa kwa mkupuo. Hospitali za misheni za Litembo, Liuli na Peramiho zimewahudumia watu wa kusini kwa vizazi. Nazo zikiitwa kwenye mpango huu, kijana hatakuwa mgeni mlangoni.

Tatu, njia ya wachache watakaotiliwa shaka. Kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,000. Nauli ya kijana na mzazi wake, malazi na kipimo ni mzigo unaoweza kuitoa kahawa yote ghalani. Hapa ndipo TFF na klabu kubwa zinapotakiwa kuweka mkono mfukoni. Klabu zinazovuna vipaji vya mikoani zikitenga sehemu ndogo ya mapato ya mlangoni kwa mfuko wa moyo wa vijana, hazitafilisika. Na kadiri MRI inavyokuwa fupi, ndivyo mashine moja inavyohudumia wengi na mfuko huo unavyofika mbali. Hapo sasa dakika nane za Norwich na 18 za Lima zinaanza kuwa na maana kwa Mbamba Bay.

Nne, kukandamiza kifua. Kocha, refa, nahodha na mwalimu wa michezo wafundishwe. Uwanja wa Majimaji pale Songea, nyumba ya timu iliyowahi kutwaa ubingwa wa Muungano mara tatu, uwe na mashine ya kushtua moyo na mtu anayejua ilipo. Haisaidii kitu ikifungiwa kabatini na ufunguo uko kwa katibu aliyesafiri.

Atakuwepo wa kuuliza: mkoa una uhaba wa madawati, nani aanze na mioyo ya wacheza mpira? Swali ni halali. Jibu ni kwamba uwanja ndio mahali pekee ambako vijana mia wanajipanga mstari wenyewe bila kuitwa na mtendaji. Akipimwa mchezaji na kukutwa na valvu mbovu, daktari atauliza na wadogo zake. Soka linakuwa mlango wa kijiji kizima.

Agosti 2025 Tanzania ilikuwa mwenyeji wa CHAN pamoja na Kenya na Uganda. Mwaka 2027 zamu ni ya AFCON, na nchi ni zilezile tatu. Viwanja vitang'arishwa, ambulensi zitapangwa, mashine za kushtua moyo zitawekwa kando ya mstari kwa ajili ya mastaa wanaotoka Ulaya wakiwa wamepimwa hadi ukucha. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa.

Lakini mchezaji wa Taifa Stars wa miaka kumi ijayo huenda leo anakimbia pekupeku ufukweni Lituhi. Kabla hajauzwa, hajaimbwa na hajapewa namba ya mgongoni, mtu mmoja amwekee sikio kifuani.