Rangi Pekee Sio Ushahidi

Wasee, kuna klipu ya 9/11 ambayo haizeeki. Ni South Tower, New York, dakika chache kabla ya kuanguka. Kitu cha rangi ya machungwa kinamwagika kutoka dirisha la ghorofa ya 80 hivi, na kila Septemba inarudi kwa simu zetu.

Kundi moja husema alumini ikiyeyuka huwa rangi ya fedha, kwa hivyo hicho ni chuma. Na kwa sababu chuma huyeyuka kwa nyuzi 1538, lazima mtu alitega kitu. Kundi la pili linashika maelezo ya NIST, taasisi ya serikali ya Marekani iliyochunguza mkasa huo: huenda ni alumini ya ndege iliyochanganyika na fanicha, karpeti na plastiki zilizokuwa zinaungua.

Mimi naona hivi: wote wanabishana rangi kabla ya kuuliza joto.

Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Hapo mng'ao wake ni hafifu sana, na kwa vile inaakisi mwanga kama kioo, mchana unaona fedha tu. Fundi yeyote wa jua kali anayemimina sufuria atakuambia hivyo. Lakini ipashe hadi 1000, hesabu inabadilika. Na makaa au majivu yakielea juu yake, hayaakisi sana, kwa hivyo yanang'aa zaidi kwa joto lile lile.

Steven Jones, mwanafizikia aliyepinga NIST, alichanganya alumini na plastiki na mbao, akamimina, akasema ilibaki fedha. Heshima kwake kwa kushika kazi badala ya kubishana tu. Lakini kufunga huu mjadala kunataka jaribio lililopangwa hivi:

Moja, alumini ya aina moja, mafungu mawili: moja safi, lingine na uchafu uliopimwa kwa mizani. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

Mbili, mimina kwa nyuzi 700, 800, 900 na 1000. Pima kwa waya wa joto unaozama ndani, sio ile bunduki ya kupimia joto kwa mbali, manake metali inayong'aa huidanganya.

Tatu, kamera moja, mipangilio imefungwa, mchana na gizani. Ukiiacha ijirekebishe yenyewe, itakupikia rangi.

Nne, anayetaja rangi asijue fungu gani ni gani.

Tano, andika mapema matokeo gani yatakufanya ubadili msimamo. Hii ndio ngumu kuliko zote.

Na tafadhali, hii ni kazi ya karakana yenye wataalamu. Maji kidogo yakinaswa chini ya alumini ya moto hugeuka mvuke na kurusha metali usoni.

Hata ikitoka machungwa, utakuwa umeonyesha inawezekana, sio kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ikikataa kabisa, maelezo ya NIST yanayumba, lakini bado hujathibitisha ni chuma.

Watu 2,977 waliuawa siku hiyo. Nairobi nayo ilizika zaidi ya 200 baada ya bomu la Agosti 7, 1998, na Al-Qaeda ilihusika kwa yote mawili. Ukitaka kuwaambia familia zao kwamba ukweli umefichwa, leta vipimo. Screenshot haitoshi.