Ombaci: Sekondari ikifungwa kwa risasi, kizazi hakisubiri

UKITOKA mjini Arua kuelekea kusini, barabara inakufikisha Vurra, kituo cha forodha kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Leo ni mahali pa malori na biashara. Mwaka 1980 mpaka huo ulivukwa na maelfu ya raia wa West Nile, mizigo kichwani, wakikimbilia nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Wengine walikimbilia Sudan. Miongoni mwao walikuwemo vijana wa sekondari.

Kilomita chache kutoka mji huohuo wa Arua ipo Ombaci, penye misheni ya Kikatoliki na shule ya wavulana ya bweni, St. Joseph's College. Ni matunda ya kazi ya wamisionari wa Komboni, walioingia West Nile mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa kijana wa Kilugbara ambaye baba yake alilima tumbaku au mihogo, shule kama hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kufika chuo kikuu, ualimu au ofisi ya serikali.

Kisha ikaja vita. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalimwondoa Idi Amin. Oktoba 1980 waliokuwa askari wake walivuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, lilijibu kwa kulipiza kisasi kwa raia, kana kwamba kila mwenyeji wa West Nile alikuwa Amin. Wasioweza kukimbia walijihifadhi kwenye misheni, wakiamini kwamba msalaba na bendera ya Msalaba Mwekundu vingewakinga. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliingia Ombaci na kuua makumi ya watu waliokuwa hawana silaha.

Waliouawa huko wanakumbukwa kila mwaka, na ni haki. Lakini lipo pigo jingine lisilo na kaburi wala mnara. Ni miaka ya masomo iliyopotea.

Tufanye hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa kidato cha pili mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 15, kama alirudi nyumbani mwaka 1986 alikuwa na miaka 21. Ana mke, pengine na mtoto. Hata milango ya shule ikifunguliwa, nani atamvalisha tena kaptula akae dawatini? Ndiyo maana nasema majengo hukarabatiwa, lakini kizazi hakisubiri fundi.

Shule ya msingi inaweza kuanza upya chini ya mwembe, kwa mwalimu mmoja na ubao. Sekondari haiwezi. Inahitaji mwalimu wa fizikia, maabara, vitabu, bweni na mtihani unaotambuliwa. Kwa hiyo ndiyo inayokufa upesi vita ikianza, na ndiyo inayochelewa kufufuka.

Nayasema haya kwa sababu leo mambo yamegeuka. West Nile iliyokimbia sasa ndiyo inayopokea wakimbizi. Kambi za Rhino, Imvepi na Bidi Bidi zimejaa watu wa Sudan Kusini, na vita vya Ituri vimewaleta Wakongo pia. Wenyeji wamewagawia ardhi, bila shaka kwa kuwa wengi wao waliwahi kulala ugenini.

Fedha za misaada zikipungua, hoja husikika kwamba shule ya msingi itangulie na sekondari ingoje. Inaonekana ni busara, lakini ni busara ya mtu ambaye hajawahi kuona kizazi kikikatika. Mtoto anayemaliza la saba kambini bila mahali pa kwenda ni yuleyule wa mwaka 1980. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyemfyatulia risasi.

Tangu uhuru, shule nyingi za misheni nchini Uganda zina wazazi wawili: Kanisa lililozianzisha na serikali inayolipa walimu. Wazazi hao, pamoja na wafadhili, wakae meza moja. Sekondari zilizopo zipanuliwe ziwachukue wenyeji na wageni pamoja, na nafasi hizo ziwekwe kwenye bajeti ya dharura sawa na maji na dawa. Anayetaka kujua gharama ya kuahirisha akawaulize wazee wa Arua walioishia kidato cha pili.