Dola elfu moja za Ralph Bunche

Mwaka 1927 kijana Mweusi aliyelelewa na bibi yake jijini Los Angeles alimaliza chuo kikuu akiwa wa kwanza katika darasa lake. Jina lake Ralph Bunche. Ada yake ililipwa na ufadhili wa michezo, na pesa ya matumizi aliipata kwa kazi ya kufanya usafi. Harvard ilipompa ufadhili wa kuendelea na masomo, Weusi wa mji wake walichanga dola 1,000 ili aweze kwenda.

Mwaka 1934 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya siasa katika chuo cha Marekani. Watanzania wana sababu yao ya kumkumbuka: mwaka 1946, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ni Bunche aliyeongoza idara ya udhamini katika umoja huo. Miaka minne baadaye akatunukiwa Nobel ya Amani kwa kusuluhisha Waarabu na Israeli.

Mchango wa majirani ulimfikisha mtu mmoja. Waliobaki nyuma kwa kukosa mchango kama huo hawana hesabu, na maamuzi ya serikali yaliandikwa bila wao.

Tangu 1980 Marekani imekuwa na jaribio zuri la kuziba pengo hilo. Programu iitwayo PPIA, iliyoanza kwa msaada wa wakfu wa Sloan, huwachukua wanafunzi wakiwa wamebakiza mwaka mmoja kumaliza shahada ya kwanza: watoto wa familia zenye kipato kidogo, wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wao, wanaotoka kwenye jamii ambazo ni nadra kuonekana katika ofisi za sera. Kwa wiki saba za kiangazi wanasoma takwimu, uchumi na uchambuzi wa sera katika vyuo kama Berkeley, Michigan na Carnegie Mellon. Malazi yanalipwa na posho inatolewa. Posho hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana mwanafunzi maskini hutegemea kibarua cha kiangazi ili ale mwaka mzima. Ukimwita darasani bila kumlipa, umemwita aache chakula.

Takwimu nazo zina uzito wake. Mtu anaweza kuijua shida ya umma kwa kuiishi, akajua mgonjwa anabadilisha mabasi mangapi kabla ya kufika zahanati, kisha akakwama muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili kwa sababu shule yake ya sekondari haikuwa na mwalimu mzuri wa hisabati. Anayekwama hivyo hana upungufu wa akili. Amecheleweshwa tu, na muda uliopotea unaweza kurudishwa kama kuna anayejali kuurudisha mapema, kabla fomu za maombi hazijajazwa.

Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha kumpokea. Wapo waliodhani juhudi hizi zimefika mwisho. Wamekosea. California ilipitisha marufuku kama hiyo kwa kura mwaka 1996, Michigan mwaka 2006, na bado Berkeley na Michigan ziliendelea kupokea wanafunzi wa wiki saba. Hakuna sheria inayomzuia mwalimu kumfundisha mtoto wa maskini hesabu.

Hatari kubwa iko kwingine. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ufadhili wa shahada ya uzamili, ulioanza 1992, wenye jina la Thomas Pickering, mwanadiplomasia aliyekuwa konseli Zanzibar miaka ya 1960 na aliyejifunza Kiswahili. Shirika la misaada la USAID nalo lilikuwa na ufadhili wake, wenye jina la mbunge Donald Payne: chuo kinalipiwa, na mhitimu anaahidi kulitumikia shirika kwa miaka kadhaa. Mwaka 2025 USAID ikafungwa. Vijana walioipangia ahadi hiyo maisha yao wakabaki bila ofisi ya kuitimizia.

Ndiyo maana si haki kuiacha kazi hii mikononi mwa wakfu au ofisi moja ya serikali. Vyuo vyenyewe, na baadhi yavyo vina akiba ya mabilioni ya dola, viingize wiki hizo saba katika bajeti ya kawaida, pamoja na mishahara ya wahadhiri na umeme wa maktaba, ili binti wa mwaka wa tatu anayejaza fomu leo awe na hakika kwamba Juni ikifika atapata kitanda, posho na mwalimu wa takwimu.