Mmoja Alipewa Hariri, Mwingine Moto

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litamhusu Sibila wa Cuma, swali ni moja, Butembo hadi Beni: nabii mpagani wa Kigiriki anatuhusu nini sisi Wanande, tunaozika watu waliouawa tangu Oktoba 2014? Sijasikia wanaouliza hivyo wakihoji Bikira Maria wa Kizungu aliye ukutani sebuleni mwao alitoka wapi.

Domenichino alimchora Sibila kwa rangi ya mafuta karibu mwaka 1617, kwa ajili ya Kardinali Scipione Borghese. Hakuna aliyejua sura ya mama huyo. Mchoraji akampa uso wa msichana wa Italia, kilemba kikubwa, vazi la kitajiri na karatasi ya muziki mkononi. Kanisa halikununa, kwa sababu mapokeo yalidai Masibila, manabii wa kike wa kale, walitabiri kuja kwa Kristo. Michelangelo alikwisha kuwachora watano kwenye dari ya kikanisa cha Sistina, mmoja akiwa wa Libya.

Haikutimia miaka 90 tangu mchoro wa Domenichino, Kimpa Vita, nabii wa Ufalme wa Kongo aliyebatizwa Beatriz, akachomwa moto, Julai 2, 1706. Baraza la Mfalme Pedro wa Nne lilimhukumu, wamisionari Wakapuchini wakiunga mkono. Alikuwa amesema kwamba Mtakatifu Antoni anaongea kupitia kwake, na kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo. Mpagani aliyekufa zamani anapambwa kwa kardinali. Mkristo aliye hai, anayempa Yesu kwao na rangi ya watu wake, anakuwa mzushi. Na mchoro wake tulio nao ni wa Padri Bernardo da Gallo, Mkapuchini aliyemhoji. Sura yake tumeachiwa na mpinzani wake! Najua, Mbanza Kongo leo iko Angola, na sisi Wanande hatuna shamba huko. Cuma ya Italia je, tuna shangazi?

Katika toleo hili, makala ya wachoraji wa mabango wa Beni isomwe kwanza. Ile ya muziki wa Sibila ni nzuri, ingawa ndefu. Mwenzetu wa chuo anashikilia kwamba baroko, sanaa ya enzi za Domenichino, ni mambo ya Ulaya peke yake. Makala yake nimeichapa ili abishiwe.

Wachoraji wa Butembo na Beni, nawaomba Kimpa Vita wa rangi ya mafuta, mkubwa, mwenye kilemba cha mama zetu wa sokoni. Jalada la toleo lijalo halina picha bado. Bei tutaelewana.