Kuongeza springi za mbele: Bili inamfikia mkulima

PITA kwenye gereji za kando ya barabara mjini Korogwe, au pale Chanika, Handeni, msimu wa mavuno unapokaribia. Hutakosa kuona Land Cruiser pikapu ya zamani, au Land Rover 109 iliyochoka, imenyanyuliwa juu ya magogo, magurudumu ya mbele yametolewa, na fundi amechuchumaa kando ya rundo la vyuma vya springi vilivyotoka kwenye malori mabovu. Mwenye gari ameagiza kitu kimoja tu: "Niongezee majani mawili mbele, barabara ya huko ndani ni mbaya."

Agizo hilo linaonekana la busara. Gari lililokuwa linazama pua kila likiingia korongoni litasimama wima na kuonekana jipya. Lakini ukilifuata gari hilo kwa msimu mzima, kutoka mashamba ya Handeni hadi wanunuzi wa Korogwe, hesabu inageuka. Na kwa sehemu kubwa anayeilipa si mwenye gari. Ni mkulima aliyekodi gari.

Kwanza ieleweke ni magari gani yanazungumziwa. Land Rover iliacha springi za majani na kuingia kwenye springi za koili ilipotoa gari lake la One Ten mwaka 1983. Toyota ilichelewa zaidi. Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, ziliendelea kuwa na majani mbele hadi mwaka 1999, zilipowekewa koili mbele na majani yakabaki nyuma. Kwa hiyo gari lenye majani mbele ni gari lenye umri. Magari hayo bado yanafanya kazi vijijini kwa sababu ni imara, vipuri vyake vinapatikana, na kila fundi anayajua.

Sasa tuangalie jani lenyewe. Ugumu wa springi hautegemei idadi ya majani peke yake. Jani la unene uleule likiongezwa kwenye springi yenye majani matano, ugumu unapanda kwa takriban sehemu moja ya tano. Hilo gari linaweza kulivumilia. Tatizo ni unene, kwa sababu ugumu wa jani hupanda kwa unene kuzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Jani la lori lenye milimita 10, likiwekwa kati ya majani ya milimita 7, lina nguvu karibu sawa na majani matatu ya asili. Fundi anapoongeza "majani mawili" ya lori, kwa kweli ameongeza kama sita. Springi ya majani matano sasa inafanya kazi kama ya kumi na moja, na mwenye gari hajui, kwa kuwa alihesabu kwa macho.

Tena jani hilo nene ndilo litakalovunjika mapema. Likipindishwa sawa na wenzake wembamba, linabeba mkazo mkubwa kuliko wao. Na kama fundi alilipasha moto wa gesi hadi likawa jekundu ili alikunje lilingane na mengine, basi ameshaiua chuma yake, maana chuma ya springi hupata uhai wake kiwandani kwa kuchomwa na kupozwa kwa kipimo. Afadhali yule fundi mzee anayelikunja baridi kwa nyundo, pigo moja moja, hata kama kazi yake inachukua mchana kutwa.

Kuna swali ambalo wenye magari hawalipendi: kwa nini mbele? Mzigo wa pikapu unakaa nyuma. Ikiwa kitovu cha shehena kiko mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, tuseme kwa sehemu moja ya kumi ya umbali uliopo kati ya ekseli mbili, basi katika kilo 1,000 ni kilo 100 tu zinazofika mbele. Hizo ni sawa na watu wawili wembamba. Springi za mbele haziwezi kusaidia kubeba mahindi yaliyo nyuma.

Zipo sababu za haki. Land Rover nyingi zilitolewa injini zake za petroli zikawekewa injini za dizeli za magari mengine, nzito kuliko ile ya awali, na hapo springi ya mbele inahitaji msaada. Vivyo hivyo gari lililofungwa ngao nzito ya chuma na keria iliyojaa. Lakini mara nyingi sababu halisi ni nyingine: majani yamechoka, bushi zimekwisha, shokapu haifanyi kazi, na mwenye gari anaona ni nafuu kuongeza chuma kuliko kubadilisha kilichochoka. Gari linalozama mbele kwa ajili ya shokapu mbovu haliponi kwa kuongezewa jani. Linapata ugonjwa wa pili.

Ugonjwa huo wa pili zamani ulikuwa haujitokezi. Enzi ambazo Korogwe hadi Handeni ilikuwa vumbi na tope, gari lenye springi ngumu lilitembea pole pole, likirukaruka, na dereva aliyumba kidogo bila madhara makubwa. Barabara hiyo ya kilomita 65 imeshawekwa lami, na ile ya kilomita 54 kutoka Handeni kwenda Mkata pia. Gari lilelile sasa linatoka shambani kwa mwendo wa kinyonga, linapanda lami, na dereva anakanyaga mafuta hadi kilomita 80 kwa saa akiwa na magunia nyuma na watu juu ya magunia.

Hapo ndipo usukani unapozungumza. Wengine, badala ya kuongeza majani, hurefusha sheko, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi, ili pua inyanyuke kwa bei ndogo. Kwenye magari ambayo sheko iko mbele ya springi, kufanya hivyo kunaizungusha ekseli na kuilaza mbele. Magurudumu yanapoteza ile tabia ya kujirudisha katikati yenyewe, na gari linaanza kutangatanga barabarani kama ng'ombe aliyekatikiwa kamba. Dawa yake ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, zilizokatwa kwa pembe sahihi kushoto na kulia, na mpira wa breki wenye urefu wa kutosha. Gereji nyingi haziifanyi kazi hiyo, na mteja haiulizii.

Lakini rudi kwa mkulima. Machungwa ya Handeni hayafungwi kwenye maboksi yenye sponji. Yanamwagwa kwenye bodi ya gari au yanajazwa viroba. Nyanya na matunda mengine yanayoshuka kutoka milima ya Bungu na Vugiri, upande wa Korogwe, nayo yanasafiri hivyo hivyo kwenye tenga. Springi ngumu isiyolingana na shokapu haimezi shimo, inalihamishia kwenye mzigo. Chungwa la chini linapondeka, na siku mbili baadaye linaoza na kuambukiza jirani zake. Mnunuzi analijua hilo, ndiyo maana anaangalia chini ya rundo kwanza kabla ya kutaja bei. Bei ikishushwa, mkulima analalamikia soko. Hakuna anayelaumu majani mawili ya lori yaliyofungwa wiki tatu kabla.

Na hapa lazima lisemwe neno kuhusu lumbesa, kwa sababu ndiyo mzazi wa springi hizi. Nauli ya mazao vijijini hutozwa kwa gunia, si kwa kilo. Wakala wa Vipimo umekuwa ukisisitiza kwamba kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, lakini maadamu nauli ni ya gunia, kila mtu ana sababu ya kulishindilia na kulishonea kilemba. Tuchukue mfano. Pikapu inabeba magunia 10 kwa nauli ya Sh5,000 kila moja. Yakiwa ya kilo 100, ni tani moja, na mwenye gari anapata Sh50,000. Yakiwa lumbesa ya kilo 130, ni kilo 1,300, na bado anapata Sh50,000 zilezile. Kilo 300, yaani magunia matatu halali, zimesafiri bure. Ni Sh15,000 kwa safari moja, na kwa safari 20 za msimu ni Sh300,000. Mwenye gari aliyepoteza fedha hizo ndiye huyo huyo anayekwenda gereji kulalamika kwamba springi za Wajapani siku hizi si imara.

Mkulima naye anadhani amepata nafuu ya nauli. Hajapata. Mnunuzi wa lumbesa analipa bei ya gunia moja kwa mahindi ya gunia moja na robo au zaidi, na mwenye gari hufidia hasara yake kwa kupandisha nauli ya gunia msimu unaofuata. Kuna na jambo la ushuru. Bajeti ya mwaka 2017/18 ilifuta ushuru wa mazao kwa mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Handeni na Korogwe ni halmashauri tofauti. Magunia 10 ya kilo 100 yamo ndani ya kipimo hicho. Yale yale 10 yakiwa lumbesa yametoka nje.

Kwa mwenye gari, ushauri ni kwamba aanze na daftari kabla ya spana. Aandike kila jani lililovunjika, kila shokapu, kila tairi lililolika upande mmoja, na siku ambazo gari lililala. Siku za kulala ndizo zinazosahaulika. Gari linaloingiza Sh60,000 kwa siku baada ya mafuta, likikaa gereji siku tatu katikati ya mavuno, limepoteza Sh180,000 kabla fundi hajalipwa. Akiijumlisha hiyo na bei ya majani ya mtumba, ataona kwamba seti kamili ya springi za gari lenyewe, kushoto na kulia kwa pamoja, pamoja na bushi na shokapu, haikuwa ghali kama alivyodhani.

Na akibadilisha, asirudishe yubolti za zamani. Zikishavutika hazishiki tena, na springi iliyolegea hukata sentabolti, ekseli ikasogea nyuma upande mmoja. Baada ya safari mbili tatu za mzigo zikazwe upya. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na wengi huiacha kwa sababu gari tayari limepata mteja.

Kwa wakulima wanaokodi gari kwa pamoja, lipo la kufanya bila kusubiri Serikali. Wakubaliane na dereva nauli ya kilo, mizani ikiwa pale pale mzigo unapopakiwa. Mzani mmoja wa kuning'iniza, uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, unatosha kikundi kizima, na bei yake ikigawanywa kwa wanachama ni ndogo. Dereva anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kukataa gunia la kilo 90, wala mkulima hana sababu ya kulishindilia. Na kabla ya kupakia machungwa, mtu mmoja ainame aangalie chini ya pua ya gari. Akiona jani jeusi nene lisilofanana na wenzake, aulize liliwekwa lini na kwa nini, kisha nauli ijadiliwe upya.