Kipimo Kwanza, Ankara Baadaye

Aliyewahi kushika kibali cha kutumia maji anakijua: jina la mto, jina la mfereji, idadi ya lita kwa sekunde, na ada ya kulipwa kila mwaka. Akienda kwenye banio lenyewe, mara nyingi hakuti chochote cha kumwonyesha kama lita hizo zimepita au hazikupita. Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya karatasi hiyo. Wakulima wa skimu, wafugaji, wenye viwanda na watendaji wa mamlaka za maji wamejaza kurasa zetu, kila mmoja na lake, na wengi wanaishia kwenye lalamiko lile lile: wanalipa, lakini hawaelewi wanalipia nini.

Msimamo wa jarida niutaje mapema. Hatupingi ada ya maji. Bodi ya bonde isiyo na mafuta ya gari haiwezi kumfikia anayelima ndani ya chanzo, wala haiwezi kujua mto umeshuka kiasi gani. Tunachopinga ni ada inayotangulia kipimo, kwa sababu ada ya namna hiyo ni kodi ya kichwa iliyovikwa kanzu ya mazingira.

Jambo lenyewe lina umri. Sheria ya mwaka 1974 iliyafanya maji yote kuwa mali ya umma, na marekebisho ya 1981 yakafungua njia ya kuigawa Tanzania Bara katika mabonde tisa. Ofisi ya Bonde la Pangani ilianza 1991, ya Rufiji 1993. Katikati ya miaka ya 1990, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ikaanza kuwasajili watumia maji upya na kuwadai ada. Sheria Na. 11 ya 2009 ndiyo iliyoupa mfumo huu sura tuliyo nayo: bodi za maji za mabonde, vibali, na jumuiya za watumia maji.

Bonde la Usangu ndiko tulikoijaribu ada hiyo, na ndiko pa kurudi kila tunapoambiwa kwamba ada itaponya mto. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera inashuka kutoka nyanda za juu, inaingia kwenye majaruba ya mpunga, kinachobaki kinatulia katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha kinatokea Ng'iriama kikiwa Mto Ruaha Mkuu, kuelekea Hifadhi ya Ruaha na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na tangu hapo kukatika kukawa mazoea. Umeme wa mgawo uliposumbua miji miaka hiyo hiyo, macho yote yakageukia juu, kwa mkulima wa mpunga. Akaambiwa ajisajili, alipe, na kwa kulipa atajifunza kubana matumizi.

Hakujifunza hivyo. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji, wakiwamo Barbara van Koppen na Mtanzania Charles Sokile, walitoa tathmini ya Ruaha ya juu iliyopaswa kusomwa na kila wizara. Kwa watumiaji wadogo, mfumo uliigharimu serikali badala ya kuijazia mfuko, ukafungua mianya ya rushwa, na migogoro haikupungua. Na sababu ziko wazi kwa yeyote aliyekaa na wakulima. Aliyelipa anajiona ana haki ya kufungulia; risiti ikawa kibali cha kuchukua zaidi. Kiwango kilichoandikwa ni kile kile Machi mto ukiwa umefurika na Oktoba ukiwa mchanga. Zaidi ya hayo, wakati huo huo skimu zilikuwa zinajengewa mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Banio la zamani la mawe, miti na majani lilikuwa linavuja, na uvujaji ule ndio uliomnywesha jirani wa chini. Banio jipya linaweza kuufunga mto wote. Ukimpa mtu wa juu banio la namna hiyo pamoja na risiti ya mwaka, usimshangae wa chini akija na panga.

Kilimanjaro kuna hoja nyingine, ambayo maofisa wamekuwa wakiicheka kwa muda mrefu: kwamba maji ni ya Mungu, hayalipiwi. Nadhani wameicheka bila kuisikiliza. Wachaga wenye mifongo, yaani mifereji yao ya asili, hawajawahi kupata maji ya bure. Mfongo una wazee wake, una siku za kuuzibua na kuukarabati, na asiyefika kazini hutozwa faini, zamani aghalabu kwa pombe. Huo ni mfumo wa ada, tena wenye kipimo, kwa kuwa zamu ya kila mtu inajulikana kwa saa na anayeiba huonekana na jirani. Wanachouliza ni kwa nini walipe tena kwa ofisi ambayo haikuleta jembe wala jiwe, babu zao walipokuwa wanachimba. Sheria ya 2009 inazitambua haki za kimila za maji. Kuzitambua kwenye karatasi huku ukimtumia mwenye mfongo ankara kama ya mwekezaji ni kumpa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine.

Malalamiko mengine nitayapitia haraka, yamepewa nafasi yake ndani. Mwenye kiwanda analalamika kwamba maji yake machafu yanafuatiliwa na bodi ya bonde na pia na NEMC, baraza la mazingira la taifa, kila mmoja na fomu zake. Ana haki, na Wakenya wamelia kilio hicho hicho kati ya mamlaka yao ya maji na NEMA. Wakulima wa vinyungu, bustani za mabondeni, wa Iringa na Njombe wanalia na Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Hao siwezi kuwatetea wote. Kinyungu cha mboga si sawa na shamba zima lililofyekwa hadi kwenye chemchemi, ingawa sheria inawatazama kwa jicho moja.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa, ya mlango mmoja kwa wote. Sheria yetu humruhusu mwananchi kutumia maji ya nyumbani bila kibali, na hilo ni jema. Lakini akitoka hapo tu, mwenye nusu eka ya nyanya anakutana na utaratibu ule ule wa shamba la maelfu ya hekta. Wengine wameweka ngazi. Kanuni za Kenya za 2007 zilitoza kwa mita ya ujazo, na mwagiliaji aliyepita mita za ujazo 300 kwa siku akalipa kiwango cha juu zaidi. Kanuni za Scotland zilizoanza 2006 zilimwacha anayechukua chini ya mita za ujazo 10 kwa siku afuate masharti ya jumla, bila maombi wala ada. Wa kati ya 10 na 50 akajisajili tu. Aliyezidi 50 ndiye aliyetakiwa leseni. Na hiyo ni nchi ambayo mvua huisumbua zaidi kuliko ukame.

Watendaji wa bodi watanijibu, na jibu lao nalijua: vituo vya kupimia mito vimekufa kwa kukosa fedha, na fedha ni hizo ada. Ni kweli. Lakini fedha nyingi ziko kwa wachache wanaopimika: mitambo ya umeme, mamlaka za maji za miji, migodi, viwanda, mashamba makubwa. Mkazi wa Dar es Salaam anayetumia maji ya Mto Ruvu huchangia ada yake ndani ya bili, na Oktoba 2022 alipata mgawo. Ana haki ya kuuliza fedha ile imekarabati kituo gani. Wakubwa hao wafungiwe mita na walipe kwa kila mita ya ujazo. Wadogo wabaki chini ya jumuiya zao, wagawane mto kwa sehemu, ili ukipungua upungue kwa wote, na jumuiya ipewe mchango kutoka kwenye ada za wakubwa kwa kazi ya kulinda chanzo.

Mashinikizo yataongezeka. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limekaa chini kwenye Mto Rufiji, unakoingia Ruaha Mkuu, na kila kiangazi kikali kitamtafuta mkosaji mlimani. Tuwe tumepima kabla ya kumtaja.

Kwa hiyo, msomaji mwenye kibali, tuandikie mambo matatu: kiwango kilichoandikwa, ada uliyolipa mwaka huu, na maji uliyoyaona kwenye banio lako mwezi Oktoba. Jina lako hatutalichapa. Majibu tutayapanga bonde kwa bonde katika toleo lijalo, na nakala itakwenda kwa kila bodi.