VIDONGE VYA SUKARI HAVITAKI TUMBO TUPU

Ndugu wafanyakazi wa Kitui na Makueni,

Yako maneno tuliyoyasikia mara nyingi mno, na leo twataka kuyajibu. Mfanyakazi akionekana anatetemeka saa nne za asubuhi, jasho linamtoka na hali hajabeba kitu, anajibu ovyo na miguu haimchukui, nyapara husema, "Huyu amekunywa." Huandikiwa barua ya onyo, au huambiwa arudi nyumbani bila mshahara wa siku ile. Hakuna amwulizaye kama ana ugonjwa wa sukari, wala amemeza dawa gani, wala amekula nini tangu jana jioni.

Twasema wazi kwamba wamo miongoni mwa watu hao wasioonja pombe hata tone. Walimeza kidonge chao kama walivyoamriwa, wakaja kazini na tumbo tupu. Basi wakaadhibiwa kwa kutii.

Jambo hili lataka kuelezwa vizuri, maana huko dawa inakotolewa mara nyingi halielezwi. Mgonjwa hupewa bahasha ndogo imeandikwa "1 x 2", akaitwa mwingine. Wengi wetu wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili twapewa vidonge vya namna mbili, navyo havifanani kazi. Cha kwanza ni metformini. Hiki hulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu, na kikitumiwa peke yake si rahisi kishushe sukari kupita kiasi. Humezwa pamoja na chakula au mara baada ya kula, la sivyo tumbo huchafuka na mtu akaendesha, kisha akaiacha dawa akidhani ni sumu. Cha pili ni glibenklamidi, au ndugu yake gliklazidi. Hicho hulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma umekula au hukula. Hapo ndipo penye hatari. Ukikimeza saa kumi na moja alfajiri, ukapanda gari la mchanga bila kitu tumboni, ukashika sepetu mpaka saa saba za mchana, kidonge kitaendelea kuitafuta sukari ambayo haimo mwilini. Sukari ikishuka chini ya 4 katika kipimo cha hospitali zetu, mwili huanza kutetemeka, na ikizidi kushuka mtu huanguka akazimia.

Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2013, liliweka gliklazidi, likasema glibenklamidi haiwafai watu waliopita miaka 60. Wazee wetu walinzi wa usiku, ambao wengi wao umri huo wamekwisha kuupita, wana haki ya kumwuliza daktari bahasha yao ina kipi.

Sasa twageukia matajiri. Wao husema, "Hayo ni mambo ya hospitali, hapa ni mahali pa kazi." Lakini ni nani anayeamua mtu ale saa ngapi? Si daktari, ni mwenye kazi. Daktari aweza kuandika "baada ya chakula" hata mara mia, lakini kama kengele ya chakula ni saa saba, maneno yake ni bure. Dakika kumi za kunywa uji saa tatu zampotezea tajiri nini? Dereva akizimia juu ya usukani kati ya Sultan Hamud na Mtito Andei atapoteza lori zima, na roho za watu juu yake. Hesabu hiyo hata karani mwanafunzi aweza kuifanya.

Tena sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 34, yamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa zinazofaa akiwa mgonjwa. Kifungu cha 30 chasema kwamba aliyetumikia miezi miwili mfululizo ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Kifungu cha 32 chataka maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na mwenye sukari hulihisi jua la Kibwezi kuliko mwingine. Hizi si sadaka. Wala mtu asituambie kuwa huu ni ugonjwa wa wenye pesa. Tumeuona kwa wavunja kokoto na kwa akina mama wauza mboga wa Wote na Mwingi.

Na serikali nayo isikie. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima mpya ya afya, nazo hukatwa kabla hatujaziona. Sheria ya mwaka 2023 iliyoleta bima hiyo iliweka na mfuko wa magonjwa ya kudumu. Basi mfanyakazi wa Mutomo aliyepoteza siku nzima kwenda kliniki Kitui mjini akiambiwa, "Dawa zimekwisha, kanunue dukani," ana haki ya kuuliza zile fedha zimekwenda wapi. Makueni mwaka 2016, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, palianzishwa mpango wa kila nyumba kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Kwa hiyo asije mtu kutuambia kwamba mambo kama haya hayawezekani Ukambani.

Dawa ikikosekana ndipo makosa huanza. Mtu hugawa kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Mwingine huazima cha jirani, asijue ni cha namna gani. Mwingine aliyeruka siku mbili humeza vinne kwa pamoja ili "kulipa deni". Msilipe deni la vidonge! Ukisahau kimoja, subiri wakati wa kingine na mlo wake. Na katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, nyumba zisizo chache zilipika mara moja kwa siku, wala hakuna aliyekuja kuwaambia wagonjwa wapange vidonge vyao vipi na mlo mmoja. Siku isiyo na chakula, au siku ya kufunga kanisani au msikitini, si siku ya kumeza glibenklamidi kama kawaida. Mwoneni mganga wa zahanati kabla ya siku hiyo, awapangieni.

Kuna na wauza unga wa miti sokoni, wanaosema, "Tupa vidonge vya wazungu, tumia mizizi." Hatudharau miti. Metformini yenyewe ilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya, na daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza habari za kuwatibu watu kwayo mwaka 1957. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, lakini unga wa sokoni hakuna ajuaye kijiko kimoja kina nguvu gani. Ukiuchanganya na kidonge, sukari yaweza kushuka usiku umelala. Hatari hiyo hiyo imo katika kaluvu na chang'aa kwa mtu asiyekula, na hata katika vidonge vya Septrin vinavyonunuliwa dukani bila kuuliza, kwa maana vyaweza kuiongezea nguvu glibenklamidi. Na ukishikwa na kuhara au kutapika sana, simamisha metformini uende zahanati siku hiyo hiyo, kwa sababu mwili ukikauka figo hushindwa kuitoa.

Mwenzenu akianza kutetemeka kazini, msimcheke wala msimwite mlevi. Akiwa aweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya sukari katika maji, au nusu kikombe cha soda yenye sukari. Ngojeni dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpeni tena, kisha ale chakula. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, mpelekeni hospitali mbio. Na hata akiamka, kama alimeza glibenklamidi apelekwe vile vile, maana sukari yaweza kushuka tena baada ya saa nyingi.

Wenye ugonjwa huu huuficha kwa hofu ya kufukuzwa. Twawaomba mmwambie mwakilishi wenu wa kazini, naye ataitunza siri, na mwenzenu mmoja mnayefanya kazi pamoja. Katika mazungumzo ya mkataba tutadai mambo haya: dakika kumi za kula saa tatu kwa kila mfanyakazi, siku ya kliniki isiyokatwa mshahara, sukari ndani ya kila sanduku la huduma ya kwanza, na mtu yeyote asiandikiwe barua ya ulevi kabla ya kupimwa sukari. Kila tawi lituletee majina ya mahali pa kazi pasipo na saa ya chakula cha asubuhi.